Mchokozi wa Midomo ni Ulimi

Kipupwe kinapoingia mwezi wa Juni, midomo ya watu wa Njombe na Makete huanza kupasuka. Alfajiri baridi hugandisha umande juu ya majani ya viazi, mchana jua huwaka kwenye anga lisilo na wingu, na jioni upepo hukausha kile kilichosalia. Dodoma haina baridi kali kiasi hicho, lakini mvua zikishakatika mji hukaa miezi mingi bila tone la maana, na upepo wa Julai na Agosti hauleti kitu ila vumbi. Mkazi wa Dar es Salaam au Mombasa, aliyezoea hewa nzito ya bahari, akishuka kwenye basi katika miji ya namna hiyo, haipiti siku ya pili midomo inamuuma akicheka. Lawama zote huelekezwa kwa hali ya hewa. Ni kweli ina hatia, ila hatia yake ni ya kuanzisha tu. Kinachougeuza mpasuko wa siku mbili kuwa kidonda cha mwezi mzima, mara nyingi, ni yale ambayo mwenye midomo mwenyewe anaitendea: anailamba, anaichuna magamba, kisha anaipaka vitu vinavyowasha akiamini kwamba kuwasha ndiyo dalili ya dawa kufanya kazi. Ukichunguza mambo haya moja baada ya jingine utaona kwamba midomo mikavu hupona zaidi kwa kuachiwa kuliko kwa kuongezewa.

Ngozi ya papi za midomo si sawa na ngozi ya shavu, ingawa zimepakana. Sehemu ya juu kabisa ya ngozi ni safu za seli zilizokufa, na kazi yake ni kuzuia maji ya mwili yasitoke ovyo na takataka za nje zisiingie. Usoni safu hizo ni nyingi; mdomoni ni chache mno. Tena mdomo hauna vinyweleo, hauna tezi za jasho, na tezi za mafuta ama hazipo kabisa ama zimetawanyika chache tu, vile vidoti vya manjano hafifu ambavyo baadhi ya watu huviona kwenye kioo na kuingiwa na hofu bure. Shavu hujipaka mafuta lenyewe usiku na mchana. Mdomo hauna uwezo huo, kwa hiyo maji hutoroka humo haraka kuliko sehemu nyingine za uso. Hewa ya baridi nayo hubeba mvuke mchache, na inapopashwa moto na pumzi ya mtu au na jiko la mkaa chumbani (jiko ambalo, kwa sababu kubwa kuliko midomo, halifai kulala nalo ndani) hutafuta unyevu popote penye unyevu. Kiyoyozi hufanya kazi hiyohiyo, ndiyo maana karani wa ofisi moja pale Posta, Dar es Salaam, anaweza kupasuka midomo ilhali nje ya dirisha watu wanatota jasho. Mafua yakiziba pua, mtu akalala amefumba macho na kufumbua mdomo, pumzi hupita juu ya midomo usiku kucha, naye huamka imekauka kama hakunywa maji jana yake.

Hapo ndipo ulimi unapoingia. Mdomo ukikaza, ulimi hutoka wenyewe kuulowesha, na kwa dakika moja au mbili mtu huhisi nafuu. Lakini mate ni maji mepesi. Yanapokauka hayaondoki peke yake, huondoka na sehemu ya unyevu uliokuwa ndani ya ngozi na kuacha mdomo umekaza kuliko mwanzo. Isitoshe, mate yameumbwa kumeng'enya. Yana vimeng'enya vinavyoanza kuvunja wanga na mafuta ya chakula kabla hayajafika tumboni, na ngozi iliyokwisha kuchubuka haina kinga ya kutosha mbele ya vitu hivyo. Anayelamba midomo iliyokauka ni kama baharia anayezima kiu kwa maji ya bahari: kila funda linadai jingine. Baada ya siku chache tendo lenyewe hugeuka mazoea, wala mtu hajui tena kwamba anafanya hivyo. Muulize, atakana. Mtazame anaposoma ujumbe kwenye simu au anapoendesha gari, utahesabu mwenyewe.

Kwa watoto alama yake ni rahisi kuitambua, mradi ujue unachotafuta. Ulimi wa mtoto hauishii mdomoni. Huzunguka hadi ngozi iliyo chini ya pua na juu ya kidevu, ukachora duara lenye mpaka ulio wazi, pale hasa ncha ya ulimi inapofika. Vitabu vingi vya tiba huliita duara jekundu, kwa kuwa viliandikwa na watu waliokuwa wakitazama ngozi nyeupe. Kwenye ngozi yetu duara hilo huonekana jeusi zaidi kuliko uso, kavu, na wakati mwingine lina magamba madogo ya kijivu. Mzazi huliona akadhani ni fangasi, akanunua krimu dukani, na kama krimu hiyo ina steroidi, kama zilivyo krimu nyingi za mchanganyiko, inaweza kutuliza kwa wiki moja na kuzusha vipele vipya kuzunguka mdomo wiki zinazofuata. Wapo pia wanaopaka pilipili au maji ya mwarobaini ili mtoto aogope kulamba. Pilipili juu ya ngozi iliyochanika ni kumtesa mtoto tu, na kwa kuwa inawasha, ulimi hurudi palepale kuifuta. Kinachosaidia ni kumpaka mafuta mazito yasiyo na ladha, safu ya kuonekana, mara nyingi kwa siku. Ulimi ukitoka unakuta mafuta, si ngozi, na mate hayapati pa kushika. Kumgombeza hakufai, kwani wengi hulamba zaidi wakiwa na wasiwasi.

Ndugu wa kulamba ni kuchuna. Gamba la mdomo lililoinuka upande mmoja bado limeshikamana na ngozi hai upande wa pili, na anayelivuta huondoka na vyote viwili. Siku hizi tendo hili limepewa heshima ya urembo: mitandaoni utafundishwa kusugua midomo kwa mswaki, au kwa sukari iliyochanganywa na limau, ili iwe laini na ya waridi. Sukari ina kingo kali, na limau ni tindikali. Zaidi ya hayo, maji ya limau na ndimu yakibaki kwenye ngozi kisha yakapigwa na jua huweza kuunguza na kuacha weusi wa wiki kadhaa, kinyume kabisa cha kilichotafutwa. Krimu za kung'arisha midomo nazo ni mkorogo kama mkorogo mwingine, na zebaki na haidrokwinoni zilizokatazwa kwenye vipodozi hazigeuki kuwa salama kwa sababu zimepakwa mahali padogo. Hapo ni mbaya zaidi, maana kinachopakwa mdomoni kinaishia tumboni.

Tuje kwenye mafuta ya midomo yenyewe, yale ya kijiti na ya kikopo yaliyopangwa kando ya droo ya muuzaji. Mengi hunukia mnanaa, chungwa au stroberi, na yale yanayojiita ya tiba huwa na mentholi au kafuri. Mentholi haipoozi kitu. Huamsha mishipa ya fahamu inayopokea habari za baridi, ubongo ukaamini kuna ubaridi, na maumivu yakasahaulika kwa muda. Kafuri hufanya mchezo wa namna hiyo. Kwenye mgongo unaouma, dawa ya kuchua yenye vitu hivyo ina nafasi yake. Kwenye ngozi nyembamba iliyopasuka ni uchokozi. Chama cha madaktari wa ngozi cha Marekani kimeweka wazi orodha ya vitu vya kuepuka midomo ikiwa imekauka, nayo ina mentholi, kafuri, mikaratusi, fenoli, asidi ya salisili, lanolini, manukato na viungo vya ladha, vikitajwa kwa jina mdalasini, mnanaa na jamii ya machungwa. Ushauri wao ni mfupi: kitu kikikuchoma au kukutekenya mdomoni, acha kukitumia. Kuwashwa ni malalamiko ya ngozi.

Kuna msomaji atakayepinga: mbona mimi nikipaka lipshaini yenye mnanaa midomo inalainika? Inalainika kweli, kwa kuwa ndani ya kikopo hicho, pamoja na mnanaa, kuna nta na mafuta, na hayo ndiyo yanayofanya kazi. Mnanaa ni abiria asiyelipa nauli, na abiria huyu ana hasara yake. Kitu chenye ladha tamu huuita ulimi, na kitu kinachowasha huichosha ngozi, basi baada ya saa moja mtu anapaka tena, na tena. Imani iliyoenea kwamba midomo huzoea mafuta kama mtu anavyozoea sigara imezaliwa hapo. Hakuna kitu ndani ya mafuta ya midomo kinachoufanya mwili uwe mtumwa wake, wala ngozi haisahau kazi yake kwa kuwa imesaidiwa. Kinachotokea ni kwamba mafuta yenye kichokozi huudumisha ukavu uleule yaliyonunuliwa kuuponya. Anayeona hawezi kuishi bila kijiti chake ajaribu kubadili, atumie kisicho na harufu wala ladha. Vilevile atazame dawa ya meno. Kama midomo ilianza kupasuka baada ya kubadili dawa ya meno, hasa yenye mdalasini au yenye povu jingi, kosa linaweza kuwa liko bafuni wala si mkobani.

Kinachobaki baada ya kuondoa vichokozi vyote ni mafuta ya mgando, kopo la bei ndogo lililo katika karibu kila nyumba. Historia yake haina urembo. Mwaka 1859 kijana mkemia, Robert Chesebrough, alikwenda Titusville, Pennsylvania, palipokuwa pamegunduliwa mafuta ya petroli, akawakuta wachimbaji wakisumbuliwa na uchafu mzito uliokuwa ukiganda kwenye vyuma vya pampu. Waliuchukia kazini, lakini walipoungua au kujikata waliupaka. Chesebrough aliubeba, akausafisha kwa miaka mingi, na mwaka 1872 akapata hataza ya kile alichokiita Vaseline. Yeye aliamini kina nguvu ya kuponya. Sayansi iliyofuata ilionyesha jambo dogo zaidi na lenye manufaa zaidi: mafuta haya hayaiponyi ngozi, huziba tu. Hupunguza maji yanayotoroka kwenye ngozi kwa hadi asilimia 98, wakati mafuta mengine mengi hufikia asilimia 20 hadi 30. Maji yakishazuiwa, ngozi hujitengeneza yenyewe, kwa kuwa kazi hiyo inaijua. Kenya watu wengi wamelitambua hilo kwa njia yao: mafuta ya kukamulia ya Arimis, yanayouzwa kwa ajili ya chuchu za ng'ombe zisipasuke, yamekuwa kwenye meza za kuvalia nguo kwa miaka mingi.

Pingamizi lililo zito ni kwamba hiki ni kitu cha petroli, nacho kinapakwa mlangoni mwa mdomo. Hofu hiyo ina chanzo. Petroli ghafi ina kemikali zinazoweza kusababisha saratani, na mafuta yasiyosafishwa sawasawa yanaweza kubaki nazo. Lakini mafuta ya mgando meupe ya daraja la dawa yamesafishwa hadi kemikali hizo kuondolewa, na ndiyo yanayotumika hospitalini kwenye vidonda na kwenye ngozi za watoto wachanga. Kwa hiyo hoja hiyo haituambii tuyaache, inatuambia tuchague: kopo lenye jina la mtengenezaji na alama ya shirika la viwango, lisilo na manukato, si mafuta yaliyopimwa kwa kijiko kutoka kwenye ndoo isiyojulikana ilikotoka.

Asiyeyataka bado ana njia, na Afrika Mashariki ni tajiri katika jambo hili. Kaskazini mwa Uganda kuna siagi ya shea, inayotoka kwenye mti wa aina ya nilotica. Ni laini kuliko ile ya Afrika Magharibi na huyeyuka mara inapogusa ngozi. Mafuta ya nyonyo ni mazito na hushika vizuri. Mafuta ya nazi yanapendwa sana pwani, na si mabaya, ila yana udhaifu unaoonekana kwa macho: huyeyuka kwenye nyuzi joto 24 hivi. Chupa inayomwagika kama maji Tanga huganda nyeupe ikifika Njombe mwezi wa Julai, inabidi ukwangue kwa kijiko. Mdomoni, penye joto zaidi ya nyuzi hizo, huwa maji mara moja, na ulimi na chai ya kwanza huyamaliza. Dawa yake ni nta ya nyuki, ambayo haiyeyuki mpaka ipite nyuzi joto 60. Pima sehemu moja ya nta iliyochujwa kwa sehemu tatu au nne za mafuta ya nazi, weka kwenye bakuli ndani ya sufuria ya maji ya moto, koroga hadi nta yote iyeyuke, kisha mimina kwenye kikopo kisafi na kikavu, uache kigande. Anayekaa kwenye joto aongeze nta kidogo. Asali, ingawa ni dada wa nta, nasita kuitumia kwa kazi hii, kwa sababu ile ile ya utamu na ulimi.

Na maji ya kunywa je? Ushauri wa kwanza wa kila mtu ni "kunywa maji mengi". Mwili ukipungukiwa maji midomo hukauka kweli, ndiyo maana daktari anayempokea mtoto mwenye kuharisha hutazama mdomo na ulimi, na mtoto huyo anahitaji maji ya chumvichumvi ya ORS, wala si mafuta. Lakini mtu mzima anayekunywa vya kutosha, ambaye mkojo wake ni wa rangi hafifu, hatalainisha midomo kwa kuongeza lita nyingine. Midomo yake imekauka kwa nje na itazibwa kwa nje. Aliyefunga Ramadhani hupungukiwa kwa pande zote mbili, kwa hiyo anywe kati ya futari na daku, na apake mafuta mazito wakati wa daku kabla ya kutia nia. Wanazuoni wengi huona kuwa kupaka midomo mchana hakubatilishi saumu mradi mafuta yasimezwe. Mwenye shaka amuulize sheikh wake. Jambo la hakika ni kwamba mafuta yenye ladha ya matunda si ya mchana wa Ramadhani.

Kuna jambo moja ambalo mafuta ya mgando hayawezi, nalo ni kuzuia jua. Mdomo wa chini umeelekea juu na hupokea miale mingi kuliko wa juu. Weusi wa ngozi ni kinga kubwa, ingawa si kamili. Kwa wenye ualbino kinga hiyo haipo, na saratani ya ngozi, ikiwamo ya mdomo wa chini, huwapata wengi wao mapema mno. Kwao mafuta ya kuzuia jua, kofia pana na kivuli ni jambo la uhai. Mafuta ya Kilisun, yaliyobuniwa Moshi kwenye kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi cha hospitali ya KCMC kwa ajili ya ngozi ya wenye ualbino, hutolewa kupitia kliniki, na mdomo usisahaulike yanapopakwa. Mvuvi, mkulima wa Makete na bodaboda, wanaoshinda juani, nao watafaidika na mafuta ya midomo yenye zinki au titani, ambayo huzuia miale bila kuwasha.

Mpasuko wa pembeni, pale mdomo wa juu na wa chini unapokutana, ni habari nyingine. Huo mara nyingi una fangasi au bakteria ndani yake, na ukirudi mara kwa mara huweza kuashiria upungufu wa madini ya chuma au vitamini za kundi B, meno bandia yasiyokaa sawa, kisukari, au kinga ya mwili iliyoshuka. Malengelenge madogo yaliyojikusanya sehemu moja, yanayochoma kabla ya kutokea, ni virusi vya herpesi. Wengi husema ni malaria inayotokea mdomoni, lakini homa yoyote, baridi, hata jua kali, huweza kuviamsha virusi hivyo, na kuyaona malengelenge si kipimo cha malaria. Na anayetumia isotretinoini kwa chunusi asishangae midomo ikipasuka, kwani karibu kila anayeimeza hupata hali hiyo; apake mara nyingi zaidi, asiiache dawa bila kuzungumza na daktari wake.

Kwa wengine wote, paka mafuta yasiyo na harufu baada ya kula, kabla ya kutoka nje na safu nene kabla ya kulala, usilambe, usichune, na uipe midomo wiki mbili hadi tatu. Ikipita muda huo bado imepasuka, au kuna kidonda, uvimbe au doa gumu ambalo halitaki kufunga, hasa kwenye mdomo wa chini, usinunue kijiti kingine. Nenda ukaonwe na daktari wa ngozi au wa kinywa.